Njaa Haianikwi Juu ya Mabati

Mama yangu hakuziamini barua. Alisema kila aliyeondoka nyumbani huandika kuwa yu mzima na anakula vizuri, hata kama barua yenyewe anaiandikia juu ya goti kwa sababu meza ameshaiuza. Nilipoolewa na fundi wa magari aliyekuwa akifanya kazi Kampala, nikaondoka Kitui na sanduku moja na sufuria mbili, alinisindikiza hadi kituoni. Basi lilipoanza kunguruma, akaniambia kupitia dirishani nisije nikamwandikia uongo.

Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa, lakini habari ya vita hufika kwetu mbio na habari ya amani huja kwa miguu. Kwa mama, Uganda ilikuwa nchi ya bunduki na njaa, na hapo mjadala umefungwa. Nilipopata mimba ya kwanza nilimwomba aje akae nami hadi nijifungue. Akajibu, kwa mkono wa mwalimu wa shule ya jirani, kwamba hawezi kwenda kuongeza mdomo katika nyumba isiyo na cha kuutia, na kwamba mimi ndiye nirudi nikazalie kwetu. Mume wangu hakutaka hata kusikia habari ya siku mbili za basi na tumbo lile. Nikabaki Kampala nikimtaka mama, na mama akabaki Kitui na mbuzi wake.

Nasema wazi kwamba nilikuwa naogopa. Hodari wa maneno nilikuwa, lakini usiku na mchana nilihesabu miezi kwa vidole, na kila nikifika wa tisa nilitaka kumwona mama ameketi mlangoni.

Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba sijapata kuona chakula kama kile. Tulipanga chumba Mengo, katika uwanja wa mama mmoja mjane wa Kiganda, na nyuma ya vyumba palikuwa na mfenesi ambao matunda yake yalianguka yenyewe, yakapasuka, yakanuka, na watu wakayaruka wakipita. Maembe yalioza chini ya mti huku mwenye mti akiyatazama. Mimi nililelewa mahali ambapo embe lililoanguka lina mwenyewe, na mwenyewe anakuja mbio. Siku za kwanza nilikuwa nikiokota kila kitu kama mwehu, hadi mume wangu akaniomba niache, kwa kuwa tulikuwa tunalala na mafenesi.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo nililiona la akili sana. Ikiwa mama haamini barua, nitamtumia ushahidi. Fenesi bichi haliwezi kusafiri siku mbili na kufika likiwa na heshima, lakini embe lililokaushwa linafika. Na kukausha ni kazi niliyoijua tangu utoto. Kila baada ya mvua mama alichuma majani ya kunde, akayatumbukiza kidogo kwenye maji ya chumvi yanayochemka, akayakamua, akayaanika, akayafunga katika mfuko na kuutundika juu ya moshi. Akiba haiozi, alikuwa akisema, na maana yake ilikuwa majani yale.

Nikachagua maembe yaliyoiva lakini bado yana msimamo, nikayamenya, nikayakata vipande vyembamba, nikavichovya katika maji ya chumvi na ndimu. Nikapanda ngazi na tumbo langu la miezi mitano na kuvipanga juu ya mabati ya chumba chetu, kimoja kimoja, nikashuka nikajipongeza.

Nilikuwa nimesahau kwamba jua la Kitui na jua la Kampala si ndugu. Jua la Kitui likianza kazi halitoki hadi jioni. La Kampala linakuja, linapiga hodi, linakumbuka jambo na kuondoka, na nyuma yake mvua. Jioni ya kwanza nilipanda na kushuka ngazi ile mara nne. Mara ya mwisho niliona vipande vimeng'ang'ania bati, mume wangu akapanda kuvibandua kwa bisibisi. Tukala viwili. Vilikuwa na ladha ya paa.

Nikajifunza. Nikatandika shuka safi, nikafunika kwa kipande cha chandarua dhidi ya nzi. Akaja kaloli. Anayeijua Kampala anamjua kaloli, ndege mrefu kama mtoto wa darasa la tatu, mwenye upara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, ambaye siku zote anasimama kana kwamba anasubiri maiti. Kaloli hali embe. Niliona hiyo ni bahati, mpaka nilipopanda nikaona alichokifanya juu ya chandarua badala ya kula.

Hata hivyo niliendelea, maana ubishi nimeurithi. Nikaongeza nyanya zilizopasuliwa katikati na kunyunyizwa chumvi, nikaongeza majani ya kunde, nikaongeza ndizi mbivu ndogo ndogo. Paa letu likawa la rangi tatu. Mama mwenye nyumba alikuwa akitoka asubuhi na gomesi yake, vazi refu la Kiganda lenye mshipi mpana, anatazama juu, ananitazama mimi, anarudi ndani. Nilipiga magoti kumwamkia kama nilivyofundishwa, na kwa tumbo lile kupiga magoti kulikuwa rahisi, kuinuka ndiko kulikohitaji mipango.

Siku ya tatu jirani wa nyuma alikuja na kikapu cha matoke, yamefunikwa kwa jani la mgomba. Akapiga magoti, akaniuliza hali mara nyingi kuliko kawaida, akanitazama kwa huruma, akaondoka. Nikamwambia mume wangu kwamba Waganda ni watu wakarimu mno. Sasa kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kesho yake nikakirudisha kikapu na maembe makavu ndani, vipande vyangu bora kabisa. Jirani akafunua, akatazama, midomo ikamtetemeka. Nilidhani ameguswa na ufundi wangu.

Jioni hiyo wakaja wawili. Mmoja na mkungu mzima, mwingine na viazi vitamu na karanga za kusaga. Nao nikawarudishia vyombo vyao na maembe. Keshokutwa wakawa wanne. Kufikia mwisho wa wiki tulikuwa na mikungu mitano ya matoke katika chumba ambacho mtu akinyoosha miguu anagusa mlango. Na watu wawili wafanye nini na mikungu mitano? Nikamenya, nikakata, nikaanika. Matoke yakikauka yanakuwa meusi, yanajikunja. Paa likawa la kutisha kweli, na chakula kikazidi kuja.

Mume wangu aliona kabla yangu. Alirudi kutoka gereji, akatoa mfukoni mwa ovaroli kipande cha muhogo, kingine kutoka mfuko wa pili, na chapati nusu iliyokunjwa katika gazeti. Akaviweka mezani kwa mpangilio. Akasema mafundi wenzake walikuwa wakimwachia nusu ya chakula chao cha mchana, na wakisimama hadi ale. Akaniuliza polepole kama kuna jambo nimewaambia watu. Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi sijamwambia mtu lolote, nimeanika matunda tu. Akainua macho akatazama dari, kana kwamba anaweza kuona kupitia mabati.

Kesho yake mama mwenye nyumba akaja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti ndogo, na hakuwa na desturi ya kuingia katika vyumba vya wapangaji. Akaketi juu ya kitanda, kwa kuwa kiti kilikuwa kimeshikwa na mkungu.

"Mwana wange," akasema, "wewe nakausha chakula kwa mabati, watu yote naona. Nasema mpangaji yangu nakufa njaa, na mimi niko ndani nakunywa chai."

Nikacheka. Hilo lilikuwa kosa. Akangoja nimalize, kisha akanieleza kwa kituo, huku akikunja na kukunjua ncha ya mshipi wa gomesi. Kwao, nchi ambayo mgomba hauulizi ni msimu gani, mtu aliyeshiba hakaushi chakula. Anapika kibichi, kikizidi anawapa watu. Anayekausha matoke na muhogo ni mtu anayeogopa kesho. Yeye mwenyewe alikausha, wakati wa vita, akala vitu hivyo miezi mingi hadi meno yakamchoka. Lakini alikaushia ndani, chini ya kitanda na juu ya kabati. Ukianika nje, askari akiona anajua una chakula. Jirani akiona anajua una njaa. Wote wawili watakuja mlangoni, na hujui yupi ni mbaya zaidi.

"Njaa hapana anika juu ya mabati," akasema. "Nafichwa."

Nikaona aibu hadi masikioni. Nikakumbuka vile vikapu nilivyokuwa nikirudisha na maembe, na yule jirani aliyetetemeka midomo. Walidhani nawagawia akiba yangu ya mwisho. Nikamweleza mama mwenye nyumba ukweli wote, kwamba tumeshiba mpaka tunaumwa, kwamba ni kwa ajili ya mama yangu, kwamba nataka aone chakula cha huku kwa macho yake ili akubali kuja nikijifungua. Akanisikiliza na kutikisa kichwa kwa upole. Nilijua hakuniamini hata neno moja. Ndivyo ambavyo mtu mwenye njaa na heshima zake angesema.

Lakini alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye gari.

Gari lile lilikuwa la marehemu mumewe. Lilikuwa juu ya mawe. Askari waliokuwa wakikimbia walikuwa wameondoka na magurudumu, injini, usukani na hata redio, lakini viti waliviacha, na kwa maajabu ya Mungu hakuna kioo hata kimoja kilichovunjika. Mume wangu alikuwa akilitamani tangu tulipohamia, na alikuwa amekatazwa hata kuliegemea. Mama mwenye nyumba akafungua fundo la mshipi, akatoa ufunguo, akafungua mlango wa gari lisiloweza kuibwa na mtu yeyote.

"Weka hapa kwa gali," akasema. "Jua itaingia, macho ya watu hapana."

Sijui nimpe nani sifa, yeye au aliyevumbua vioo. Gari lile lilikausha kuliko Kitui. Saa tano asubuhi ukiingiza mkono unautoa haraka. Mvua ilinyesha, maembe yakabaki kimya ndani. Kaloli alikuja akasimama juu ya paa la gari, akafanya aliyoyafanya, akaondoka, na sisi tukapangusa. Mara ya kwanza tu ndipo tulipokosea, kwa sababu tulifunga kila kitu na vioo vikaanza kutoa jasho, na vipande vya nanasi nilivyokuwa nimeongeza vikaota ukungu. Mume wangu akaja akatazama kwa uzito wa fundi, akateremsha vioo viwili upana wa kidole ili mvuke utoke, akaziba nafasi kwa chandarua. Alifurahi mno. Alikuwa amepata kulitengeneza gari lile, hata kama ni kwa ajili ya nanasi.

Matunda nikayaweka mbele, juu ya dashibodi na viti, penye jua kali. Majani ya kunde nikayaweka nyuma nikayafunika kwa kitambaa, maana jua kali linayatoa rangi. Jioni mama mwenye nyumba alikuwa akiingia, akiketi kiti cha abiria, akichukua kipande cha embe na kukikunja kwa vidole. Kikivunjika kimekauka kupita kiasi, kikinata bado. Alivipima vingi kuliko ilivyohitajika. Akaniambia nakata vinene kama mtu mwenye haraka, akaleta kisu chake akanionyesha.

Nilipofikisha miezi saba na nusu, gunia lilikuwa tayari. Maembe, mananasi, ndizi, nyanya, kunde, na juu kabisa matoke, ili mama aone kitu ambacho hakijui. Mama mmoja wa kwetu aliyeuza mitumba katika soko la Owino alikuwa anakwenda nyumbani, akakubali kulichukua. Nikaweka na barua. Nikaandika: Mama, huku chakula kinaoza chini ya miti, nakutumia kidogo uone, mimi nimeshiba na nimenenepa, njoo.

Zikapita wiki mbili bila jibu. Nikajua nimeshindwa. Nililia siku moja nzima, kisha nikakasirika, kisha nikala fenesi.

Siku ya kumi na saba, asubuhi, nikasikia ubishi kwenye geti. Mtu alikuwa akikataa kupokelewa mizigo. Nikatoka. Mama yangu alikuwa amesimama pale na leso kichwani, vumbi la nchi mbili miguuni, na magunia mawili. Hakunisalimu. Akanishika mashavu, akanishika mikono juu ya kiwiko kama mtu anayenunua mbuzi, akatazama tumbo.

"Hilo ni mtoto au ni njaa?" akauliza.

Nikamwambia ni mtoto. Akaonekana hajaridhika. Akafungua gunia la kwanza hapo hapo uwanjani, lilikuwa limejaa kunde zilizokaushwa. La pili lilikuwa na mahindi na mbaazi. Alikuwa ameyapitisha mpakani akimweleza afisa wa forodha kwamba anapeleka chakula Uganda kwa sababu watu wanakufa njaa. Afisa, alisema mama kwa kumshangaa, alikuwa akila wakati huo, sahani imejaa, na alimtazama kwa muda kabla ya kumruhusu.

Nikamuuliza kama hakupata barua yangu.

"Niliipata. Mwalimu alinisomea kwamba umeshiba. Nikasema Mungu asifiwe, nikaenda kulisha mbuzi," akasema. "Kisha nikafungua gunia."

Alikuwa ameona matoke kwanza, meusi, yamejikunja, akauliza watu wote kijijini ni magome ya mti gani ambayo mtoto wake ameanza kula. Hakuna aliyejua. Chini yake akakuta kunde, zimekaushwa kwa mkono aliouzoea, mkono aliouzaa. Akasema amekausha kunde tangu ujana wake, na hakuna mwaka hata mmoja aliokausha kwa sababu ya kushiba. Akauza mbuzi mmoja kwa nauli na kuondoka siku ile ile.

Hapo hapo mama mwenye nyumba akatoka na sinia la matoke ya moto, mvuke unapaa, akapiga magoti mbele ya mgeni. Kwa Kiswahili chake akamhakikishia mama asihofu, kwamba yeye na majirani wamenilisha kadiri ya uwezo wao. Mama akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa machozi. Kisha wote wawili wakageuka wakamtazama mume wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akitafuna chapati.

Sikusema kitu. Nasema wazi, sikusema. Ningeweza kufungua mdomo na kuwaonyesha mikungu chumbani, na mama ni mtu wa haki, angeona, angecheka, angepanda basi la kurudi kwa mbuzi wake. Nikaketi chini, nikaomba sinia lisogezwe, nikala kama mtu aliyeokolewa.

Bila shaka aligundua. Haikumchukua siku tatu. Alikanyaga fenesi lililooza, akatazama juu ya mti, akatazama chini, akanitazama mimi. Kisha akaokota mawili. Alikaa hadi nilipojifungua na miezi miwili juu yake, na mlangoni aliketi kweli, mahali pale pale nilipokuwa nimemwona kwa hofu zangu. Jioni yeye na mama mwenye nyumba waliketi ndani ya gari, mmoja kiti cha dereva na mwingine kiti cha abiria, wakikata, wakipanga, wakibishana juu ya chumvi kwa Kiswahili ambacho kila mmoja alikivunja upande wake. Mtoto wangu alilala mapajani mwao kwa zamu. Ananukia nanasi, mume wangu alisema.

Siku ya kuondoka, mama mwenye nyumba alimpa gunia la maembe makavu. Mama akalibeba kichwani bila kunitazama usoni, na nikajua tumeelewana.

Zimepita kama miaka sita hivi, watoto wamekuwa watatu, na safari ya Kitui ninaiahirisha kila Krismasi kwa sababu moja au nyingine. Namwandikia mama kwamba tu wazima, tunakula vizuri, kazi inaendelea. Siku moja yule mama wa Owino, ambaye alikuwa amemwahidi mama siku atakayonifikia, akanifikishia kifurushi kidogo cha kitambaa kilichofungwa kwa kamba ya mkonge. Ndani kulikuwa na kunde kavu, viganja viwili tu, nyeusi, zimekunjamana. Nikakung'uta kitambaa. Hapakuwa na barua.

Nilitaka kuondoka saa ile ile. Lakini kulikuwa na watoto wa kumwachia mama mwenye nyumba, na basi lilikuwa limejaa, nikapata nafasi kesho yake. Njia nzima sikulala. Kule Kitui nilishuka nikatembea karibu mbio, nikafika uani nikihema.

Mama alikuwa ameketi kivulini kwenye kibaraza, amenenepa, anatafuna embe. Akanitazama kuanzia miguu hadi kichwa, akatema nyuzi za embe pembeni.

"Siku tatu," akasema. "Mimi nilikuja kwa mbili."